Springi ya gesi: ya kunesa au ya kukaza?

Kiti cha ofisini kinachopanda na kushuka, na kitanda cha hospitali ambacho sehemu ya mgongo huinuliwa kwa mkono, mara nyingi hutumia springi ya gesi yenye kujifunga. Hii ni silinda yenye naitrojeni iliyoshindiliwa, na ndani yake kuna pistoni yenye vali. Ukibonyeza wenzo, vali hufunguka na fimbo husogea. Ukiachia, hujifunga palepale.

Tofauti iko katika kinachoizunguka pistoni. Ikiwa ni gesi, springi hunesa kidogo hata ikiwa imefungwa. Kwa kiti ni raha: ukikaa kwa kishindo, kiuno hakipati pigo. Ikiwa ni mafuta, hukaza kabisa, maana mafuta hayashindiliki kirahisi. Hiyo ndiyo ya kitanda. Muuguzi anayesafisha kidonda hataki mgonjwa anesenese.

Lakini zipo zinazokaza upande mmoja tu, wa kusukumwa au wa kuvutwa. Mbunifu asiyeuliza kwanza uzito utaelemea upande gani anaweza kununua ya kukaza na kitanda kikanesa vilevile.

Fundi, silinda iliyochakaa usiitoboe wala kuichoma moto: ndani bado kuna mgandamizo mkubwa.