Magombera: Msitu Uliosahauliwa Baina ya Daftari Mbili

Msafiri atokaye Kidatu kwenda Ifakara huwa na milima ya Udzungwa mkono wake wa kulia, na mkono wa kushoto huona miwa, kisha mpunga, kisha miwa tena. Nyuma ya miwa hiyo, kabla ya kuifikia iliyokuwa mbuga ya Selous, upo msitu wa bondeni uitwao Magombera. Si mkubwa, ni hekta zipatazo 2,600. Aliyewahi kumwona kima punju wa Jozani kule Unguja atamtambua mara moja jamaa yake aishiye humo, mbega mwekundu wa Udzungwa, ambaye hapatikani popote duniani ila katika milima hiyo na bonde lililo chini yake.

Msitu wa mlimani hulindwa na mteremko. Wa bondeni hauna ngao hiyo: ardhi yake ni tambarare, ina rutuba, na mwenye jembe huufikia kwa miguu.

Waingereza waliiandika Magombera kuwa hifadhi ya msitu katika miaka ya 1950. Miaka ya 1970 ikapita reli ya TAZARA, na nyuma ya reli wakaja watu na mashamba. Mwishoni mwa muongo huo wataalamu waliuchunguza msitu na kuonyesha thamani yake. Mwaka 1980 ukafutwa katika daftari la hifadhi za misitu, kwa nia njema kabisa: uingizwe ndani ya Selous, ambako ungelindwa zaidi. Ahadi ni deni, na deni hili halikulipwa. Selous ilipotangazwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1982, Magombera haikuwamo. Ilikwisha kutoka katika daftari moja bila ya kuingia katika la pili.

Pasipo mlinzi, ardhi hupata mwenyewe. Sehemu kubwa ya msitu ilikuja kuwa mali ya kampuni ya sukari ya Kilombero, iliyobinafsishwa mwaka 1998, na mara kadhaa miti hiyo ilitazamwa kama shamba la miwa ambalo halijalimwa. Wakati hayo yakiendelea, mtafiti Andrew Marshall alimshtua nyoka aliyekuwa akila kinyonga. Nyoka akakimbia na kuacha mawindo yake, na kinyonga yule akaonekana kuwa wa aina isiyojulikana kwa sayansi. Mwaka 2009 alipewa jina la Magombera, na msitu uliosahauliwa ukatajwa katika magazeti ya nchi za mbali.

Vijiji vya kandoni havikuhitaji kinyonga ili kuujua msitu. Vilijua kuni, nguzo na dawa zake. Ni kweli kwamba wanavijiji nao walikata, na asiyelisema hilo hasemi kweli yote. Lakini Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, iliwaruhusu kwa miaka mingi kuokota kuni kavu. Ruhusa hiyo ilipokoma mwaka 2011, mama mwenye chungu mekoni alibaki na mahali pachache pa kwenda. Hivyo kazi iliyofaa haikuwa ya kuhubiri. Ilikuwa kuotesha miche, kupanda miti ya kuni mipakani mwa mashamba na kujenga majiko banifu yanayotumia kuni chache, na waliofanya kazi hiyo kwa mikono yao ni wenyeji.

Hatimaye fedha zilichangwa, zikiwamo zilizokusanywa na shirika la World Land Trust la Uingereza, ili ardhi itoke mikononi mwa kampuni. Mwaka 2019 Magombera ikatangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia. Mwaka huohuo sehemu kubwa ya Selous, mbuga iliyotarajiwa kuupokea msitu tangu 1980, ilibadilishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Palibaki njia ya tembo. Wanyama hao walizoea kushuka Udzungwa na kuvuka bonde kuelekea Selous, hadi mashamba yalipowafungia. Upande wa Mang'ula wakulima wamekubali kuachia vipande vya mashamba kwa fidia ili ushoroba ufunguke tena, na chini ya barabara ya Ifakara imejengwa njia ya kuwapitisha tembo. Juu hupita malori ya miwa.