Marie Curie na maabara aliyoiacha

Anayekwenda Musée Curie jijini Paris akitarajia kuliona lile banda bovu ambamo Marie na Pierre Curie waliitafuta radiamu hatalikuta, kwani lilibomolewa zamani. Makumbusho hayo yamo ndani ya Taasisi ya Radiamu, jengo lililokamilika mwaka 1914, na kinachotazamwa humo ni ofisi na maabara ya kemia ya mama aliyeongoza watafiti hapo mpaka alipofariki mwaka 1934. Kwangu mimi, vyumba hivi vinamtendea haki kuliko banda. Hadithi ya banda imemfanya shahidi wa taabu, ilhali ofisi inamwonyesha akiwa mjenzi wa taasisi, sifa ambayo wanawake wa sayansi hupewa kwa nadra. Mwaka 1921 wanawake wa Marekani walichanga dola 100,000 wakamnunulia gramu moja ya radiamu, naye akataka hati irekebishwe kabla ya Rais Harding kumkabidhi, ili zawadi iwe mali ya maabara, isije ikarithiwa na wanawe. Alifahamu kwamba utafiti huhitaji fedha, sheria na malighafi. Malighafi yenyewe ilikuwa na wachimbaji wake: kuanzia mwaka 1922 madini ya Shinkolobwe, Katanga, yalilitawala soko la radiamu duniani na kuishusha bei, na jasho la Wakongo walioyachimba linastahili kutajwa kila radiamu inapotajwa.

Wapo watakaosema kwamba kulisahau banda ni kuisahau kazi yenyewe, maana ndimo alimochemsha na kuchuja mabaki ya madini ya Bohemia, tani kwa tani, hata kufikia mwaka 1902 akapata desigramu moja ya kloridi ya radiamu. Kazi hiyo haina mfano, nakubali. Lakini kilichozaa ugunduzi ni vipimo makini vya mionzi; umaskini wa banda uliwachelewesha tu. Pierre aliomba maabara ya maana miaka mingi, akafa mwaka 1906 bila kuipata. Marie alipoipata, aliwafungulia wengine mlango. Marguerite Perey aliingia mwaka 1929 kama msaidizi, akagundua fransiamu humo humo mwaka 1939, na mwaka 1962 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Akademia ya Sayansi ya Ufaransa, ile iliyomkataa Marie mwaka 1911.