Kichwa Kipana, Nyonga Nyembamba

Katika chuo cha udaktari wa mifugo tulifundishwa kumvuta ndama kwa kamba. Mbwa, tuliambiwa, huzaa mwenyewe usiku, nawe asubuhi unahesabu watoto. Ni kweli kwa mbwa wa mtaani. Kwa buldogi wa Kifaransa si kweli, na aliyemharibia uzazi ni binadamu.

Uingereza ilipiga marufuku kupambanisha mbwa na fahali mwaka 1835, buldogi akakosa kazi. Mafundi wa lesi wa Nottingham waliwapenda buldogi wale wadogo wa kupakatwa. Mashine zilipowanyang'anya riziki, wengi wakavuka bahari hadi Normandy pamoja na mbwa wao. Paris ikawapenda mbwa hao, kisha Wamarekani matajiri wakawanunua. Mwaka 1897 Wamarekani hao waliunda chama cha kumtetea mbwa huyu, wakishikilia kwamba masikio yake lazima yasimame kama ya popo. Masikio! Nyonga hakuna aliyeiuliza.

Maonyesho ya mbwa yalikwishaanza Newcastle mwaka 1859, na buldogi mshindi alikuja kuchaguliwa kwa macho: kichwa kipana, uso bapa, kifua kikubwa, nyuma kwembamba. Basi mtoto anakuja na kichwa na mabega hayo, na mama hana pa kumpitishia. Hata akifanikiwa, kwa uso ule bapa anapata taabu kupasua kifuko na kukata kitovu kwa meno. Chihuahua ana balaa lake: mtoto akiwa mmoja tumboni hunenepa kupita kiasi, na kwa kuwa watoto ndio wanaoamsha uchungu, mmoja peke yake huenda asitoshe kuuamsha.

Zamani jike wa namna hiyo alikufa na mimba yake, ukoo ukaishia hapo. Upasuaji ulipokuwa salama akapona, na binti yake akarithi nyonga ile ile na kisu kile kile. Nasema haya nami nikiishi kwa kisu hicho. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa zaidi ya asilimia 80 ya uzazi wa buldogi wa Kifaransa ulikuwa wa upasuaji. Mwaka 2012 ndipo Kennel Club, chama cha mbwa cha Uingereza kilichoanzishwa 1873, kilipoanza kukataa kusajili watoto wa jike aliyekwisha kupasuliwa mara mbili.

Leo mbwa hawa wanauzwa hata Nairobi. Ukienda kununua, usiridhike na cheti: uliza mama yake alizaaje, na bibi yake pia.