Tufani Haisahau Njia

Kaa kijiweni, utawasikia watu wakibishana: "Aa wapi, vimbunga huku kwetu havifiki bwana. Hizo ni kasheshe za Wafilipino na Wamarekani." Ubishi huo ni mtamu, lakini historia haiuungi mkono. Ndugu msomaji, hebu tuufungue ukurasa huu taratibu, maana ndani yake mna jambo linalotuhusu sisi tunaoshika kalamu kuliko tunavyodhani.

Tuanze na jina. Sisi tunasema tufani, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu. Mabaharia Wareno walilichukua nao, na wataalamu wa lugha wanalitaja kuwa mmoja wa mizizi ya jina la vimbunga vya Pasifiki ya magharibi, yaani taifuni. Kwenye Atlantiki upepo huohuo huitwa hariken, na katika Bahari ya Hindi huitwa saikloni. Majina ni mengi, mnyama ni mmoja. Huzaliwa juu ya bahari yenye joto, hunywa mvuke wake, na huzungushwa na mzunguko wa dunia. Karibu na ikweta nguvu hiyo ya kuzungusha ni hafifu mno, ndiyo maana Mombasa hulala usingizi. Aidha, Madagaska imekaa kusini-mashariki kwetu kama ukuta. Lakini ukuta una ncha, na tufani inaweza kuizunguka ncha ya kaskazini ikaja zake pwani.

Sasa twende Ufilipino, kwa mabingwa wa kuishi na tufani. Visiwa vile huzungukwa na vimbunga karibu ishirini kila mwaka. Katika visiwa vya Batanes, kaskazini kabisa, wenyeji walijenga nyumba za mawe na chokaa zenye kuta nene ajabu na paa zito la nyasi, na tufani ikija paa hufungwa kwa kamba. Watu hawa hawahitaji kufundishwa na mtu upepo ni nini.

Hata hivyo, tarehe 8 Novemba 2013, tufani iliyoitwa Haiyan, ambayo Wafilipino waliipa jina la Yolanda, iliua watu zaidi ya 6,000. Mji ulioumia kuliko yote ulikuwa Tacloban, katika kisiwa cha Leyte. Je, hawakuonywa? Walionywa. Redio na televisheni zilitangaza siku kadhaa kabla. Watu walifunga madirisha, wakaweka akiba ya mchele na maji, wengine wakahamia majengo yaliyotengwa. Walijiandaa kwa upepo. Kilichowaua wengi kilikuwa bahari.

Tufani inaposukuma maji kuelekea pwani, bahari huvimba ikapanda nchi kavu. Pale Tacloban ilipanda mita tano na zaidi, ikazikuta hata baadhi ya nyumba za kukimbilia zikiwa tambarare, kando ya pwani. Onyo la jambo hilo lilikuwemo katika matangazo, ila lilitolewa kwa istilahi ya kitaalamu ya Kiingereza, na wengi hawakuielewa. Walionusurika walisema baadaye: laiti tungeambiwa kwamba inakuja kama tsunami, tungekimbia. Tsunami walikuwa wanaijua, tangu msiba ule wa Bahari ya Hindi wa mwaka 2004.

Hapo ndipo moyo unapouma. Mwezi Oktoba 1897 tufani nyingine ilikuwa imeingiza bahari katika mji uleule wa Tacloban. Padri mmoja Mjesuiti, José Algué, mtaalamu wa hali ya hewa mjini Manila, aliichunguza na kuiandika. Habari ikakaa vitabuni miaka 116, nao watu wakajenga, wakazaa, wakasahau. Tufani yenyewe haikusahau njia.

Msomaji atasema: hayo ni ya mbali. Basi turudi nyumbani, Unguja, Aprili 1872. Seyyid Barghash alikuwa na mwaka na nusu tu kitini. Ulikuwa wakati wa upepo kugeuka, kaskazi inakwisha na kusi inaingia, na bandarini majahazi yalikuwa yamejaa. Tarehe 15 tufani ikashuka. Meli za Sultani ziliangamia, majahazi yakavunjika, nyumba zikaporomoka. Mashambani ndiko kulikokuwa na kilio zaidi. Dakta John Kirk, aliyekuwa akikaimu ubalozi wa Uingereza, aliandika habari zake, na makadirio yanayotajwa mpaka leo ni kwamba kama theluthi mbili ya minazi na mikarafuu ya Unguja iling'olewa. Ng'ambo, Bagamoyo, misheni ya mapadri wa Roho Mtakatifu, ambayo hata miaka mitano ilikuwa haijafikisha, ilibomoka vibaya.

Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa. Jambo hilo moja lilibadili uchumi wa visiwa. Kabla ya hapo Unguja ndiyo iliyokuwa ikivuna karafuu nyingi. Mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na bei ilipopanda, wenye mashamba Pemba wakaneemeka. Ukisikia leo Pemba ikiitwa kisiwa cha karafuu, kumbuka kwamba upepo wa usiku na mchana mmoja una sehemu yake katika sifa hiyo.

Lakini nani aliyeipanda upya hiyo mikarafuu? Usione vyaelea, vimeundwa. Waliochimba mashimo, waliopalilia na waliochuma walikuwa watumwa. Januari 1873 alipofika Sir Bartle Frere kutoka Uingereza kumtaka Sultani apige marufuku biashara ya watumwa baharini, Barghash alijitetea kwamba kisiwa kilikuwa kimeharibiwa na tufani, na kuikata biashara ile wakati huo ni kukimaliza. Yaani hasara ya tajiri ilitaka ilipwe kwa jasho la asiye na kitu. Frere akaondoka mikono mitupu. Mkataba ulitiwa saini tarehe 5 Juni 1873, baada ya Waingereza kutishia kuizingira bandari kwa manowari, na soko la Mkunazini likafungwa. Utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa kisheria Unguja na Pemba hadi mwaka 1897.

Hali kadhalika, meli. Baada ya kupoteza zake zote, Sultani aliagiza mpya kutoka Uskochi, akaiita Glasgow. Ikazamishwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vile vilivyodumu chini ya saa moja. Vitabu vinatupa habari hizi za meli na za mikarafuu kwa urefu. Za mtumwa aliyekuwa kibandani, makuti yakiruka juu ya kichwa chake, tunapewa kwa uchache mno. Huyo naye alikuwa na lugha, na bila shaka alisimulia. Nani aliandika?

Miaka themanini baadaye, Aprili 1952, kimbunga kikapiga Lindi. Watu zaidi ya 30 walikufa na mji ukaharibika vibaya. Sasa muulize kijana wa Dar leo habari za Lindi 1952. Atakutazama kama unamletea longolongo.

Isije ikafikiriwa kwamba tufani ni kudra tupu, na binadamu hana la kufanya. Tazama Bangladesh. Novemba 1970, nchi ile ikiwa bado Pakistani ya Mashariki, kimbunga kiliingiza bahari visiwani usiku na kuua watu wasiopungua laki tatu. Si mchezo. Kuanzia mwaka 1972 serikali na Hilali Nyekundu wakaunda mpango wa watu wa kujitolea vijijini. Silaha zao zilikuwa baiskeli, bendera, redio na vipaza sauti vya mkononi. Baadaye yakajengwa majengo ya kukimbilia, yaliyoinuliwa juu ya nguzo ili maji yapite chini, na siku za kawaida mengi yake ni shule. Mwaka 2007 kilipokuja kimbunga Sidr, chenye nguvu za kutisha, walikufa watu zaidi ya 3,000. Ni msiba, naam, lakini kutoka malaki hadi maelfu ni safari ndefu. Na wa kwanza kuianzisha alikuwa jirani anayegonga mlango na kusema kwa lugha ya pale kijijini: maji yanakuja, beba mtoto, twende.

Sisi je? Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipita Ngazija kisha kikaingia Cabo Delgado, Msumbiji, kwa ndugu zetu wanaosema Kimwani. Upande wa pili wa Ruvuma, Mtwara, watu walikuwa wameonywa na shule zilifungwa. Aprili 2021 kimbunga Jobo kilitangazwa kuelekea Dar, kikafika kimechoka. Ndipo mizaha ikaanza: mbona hakuna kitu? Hiyo ndiyo hatari ya onyo linalopita salama, maana watu hulidharau linalofuata. Tarehe 4 Mei 2024 kikaja Hidaya, kikafika Mafia. Safari za boti kati ya Dar na Unguja zilisimamishwa, na barabara ya Dar kwenda Lindi ikakatika huko Somanga. Wengi walishangaa kama kwamba jambo hilo halijapata kutokea tangu dunia iumbwe.

Vijana wenzangu, hapa ndipo kazi yetu ilipo. Mamlaka ya Hali ya Hewa inaweza kupima upepo, na inafanya hivyo. Kumfanya mtu wa Kilwa au Msasani aione bahari ikivuka mlango wake kabla haijavuka, hiyo ni kazi ya lugha. Je, tuna neno moja la Kiswahili, fupi na la kutisha, kwa bahari inayovimba mbele ya tufani? "Mawimbi makubwa" halitoshi, kwani wimbi huja likarudi, na maji yale huja yakakaa. Wavuvi huenda wanalo. Tukaulize.

Na tusichelewe. Aliyekuwa na miaka kumi Lindi mwaka 1952 sasa amepita themanini. Kama bibi yako ni wa huko, usingoje likizo ijayo. Nunua daftari, panda basi, ukae naye kibarazani. Muulize upepo ulianza upande gani, walijificha wapi, walikula nini kesho yake, nani hakurudi. Andika kama anavyosema, usimsahihishe.