Air Jordan III
Air Jordan III ni kiatu cha mpira wa kikapu kilichotolewa na kampuni ya Nike ya Marekani mwaka 1988 kwa jina la mchezaji Michael Jordan. Kilibuniwa na Tinker Hatfield, aliyesomea usanifu majengo.

Wakati huo Jordan alikuwa akifikiria kuiacha Nike, kwa kuwa Peter Moore, mbunifu wa Air Jordan ya kwanza, alikuwa ameondoka. Hatfield alimwuliza anataka kiatu cha namna gani. Jordan alitaka kiatu chepesi, laini na kisichopanda sana juu ya kifundo cha mguu.

Kilikuwa cha kwanza katika mfululizo huo kuwa na mfuko wa hewa unaoonekana kisiginoni, pamoja na nembo ya Jumpman, yaani umbo la Jordan akiruka na mpira mkononi. Jordan alikivaa aliposhinda shindano la NBA la kutumbukiza mpira kikapuni, Chicago, mwaka 1988. Alibaki Nike.