Baruti ya Paa, Baruti ya Nguruwe

Wapo wawindaji Marekani ambao hawatosheki na risasi za dukani. Huchukua ganda, hulibana shingo, hulijaza baruti kwa mizani, wakajitengenezea risasi isiyouzwa popote. Ile ya .22-250 ilianza hivyo, mikononi mwa watu, kabla Remington haijaanza kuiuza mwaka 1965. Nikisoma habari zao humkumbuka mjomba wangu wa Kitogani, Unguja. Hakuwa na ganda hata moja, lakini kila mlio wa gobori lake aliupima mwenyewe.

Gobori hushindiliwa mdomoni: baruti, tambara, marisau, tambara tena, mdeki ukipita kila mara, kisha fataki juu ya kifa. Adui wa mjomba alikuwa unyevu. Jozani, alikowinda, ni msitu wa maji, masika njia zake hufurika, na baruti nyeusi hunywa unyevu upesi. Hata ikiwa kavu, zaidi ya nusu ya uzito wake huishia masizi na moshi, basi kasiba isipooshwa kwa maji siku ile ile, kesho haina shabaha.

Kwa nini silaha ya kizee ilidumu hivyo? Majeshi ya Ulaya yalipohamia bunduki za kupakia nyuma, miaka ya 1860 na 1870, yale makuukuu yao yalimiminwa Afrika, na Unguja ikawa soko. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza, Euan-Smith, alikadiria bunduki 80,000 hadi 100,000 zikiingia Afrika Mashariki kwa mwaka. Mkataba wa Brussels wa 1890 ukazuia bunduki mpya na risasi zake, ukaacha upenyo kwa gumegume na baruti ya kawaida. Wakubwa walioupitisha walikuwa wakiogopa vita na biashara ya watumwa. Nadhani hawakujua kwamba wanaamua pia mkulima wa maweni atawinda na nini.

Lakini kipimo cha mjomba hakikuwa cha Wamarekani. Wao husifu matundu yaliyosogeleana kwenye karatasi. Katika vichaka vya maweni paa huonekana hatua chache tu mbele yako, na mlaji wake ni Mwislamu. Wanazuoni wamekhitilafiana juu ya mnyama aliyekufa kwa risasi, na mjomba hakutaka kuingia katika khitilafu hiyo. Alipiga bismillahi akifyatua, akakimbia na kisu mkononi. Kwa hiyo baruti ya paa ilikuwa haba na marisau madogo: imwangushe, isimpasue, imwachie pumzi ya kuchinjwa.

"Kisu kikimkuta kashakufa," alikuwa akiniambia, "umempigia kunguru."

Nguruwe alikuwa na hesabu nyingine. Haliwi, anamaliza muhogo, na akijeruhiwa humrudia mtu. Kwake mjomba alishindilia risasi moja nzito na baruti ya kutosha, bega likamuuma hadi asubuhi. Chui sikumsikia akimtaja sana. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mganga aliyeitwa Kitanzi aliongoza msako wa chui waliodaiwa kufugwa na wachawi, na wazee wa huku hawapendi kuulizwa nani alifyatua.

Aina moja ya paa wa huku, paa nunga, aliyesajiliwa na wataalamu mwaka 1918 kwa jina la Aders, mtaalamu wa viumbe wa serikali ya Zanzibar, sasa ni adimu. Wachache walihamishiwa kisiwa cha Chumbe mwishoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2004 Jozani na Ghuba ya Chwaka zikawa hifadhi ya taifa. Wapo wanaolitupia gobori lawama zote. Lina sehemu yake, sikatai. Lakini paa nunga anataka msitu uliokomaa, na huo ulikatwa kuni na mkaa. Mbwa na nyavu nazo hazikuchagua jike wala mtoto. Mjomba akishafyatua alikuwa na kazi ya kushindilia upya, na paa wa pili hakumngoja.