Daktari wa Sehemu Tatu

Mwaka 1948 tume iliyoongozwa na Sir Maurice Holmes ilitoa ripoti yake juu ya utumishi wa serikali katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Ndani yake mlikuwamo hesabu fupi ambayo hata mtoto wa darasa la nne angeiweza: mtumishi Mwafrika au Mwasia, mwenye elimu ileile na kazi ileile ya Mzungu, alipwe sehemu tatu katika tano za mshahara wa Mzungu. Hesabu hiyo ilimhusu karani, mwalimu na mpimaji ardhi. Shaaban Robert, aliyeanza ukarani wa forodha mwaka 1926, aliishi karibu utumishi wake wote chini ya ngazi za namna hiyo. Lakini ilipoingia hospitalini hesabu ile ilizua swali ambalo afisini lingeweza kufichwa. Homa haimchagui mgonjwa kwa rangi, na kisu cha upasuaji hakijui mkono wa nani umekishika. Je, daktari wa sehemu tatu hutibu sehemu tatu za mgonjwa?

Ni pwani ya Ziwa Viktoria, kuliko mahali pengine popote Tanganyika, iliyolilea swali hilo, na sababu yake ni ya kijiografia. Lakini kabla ya kulifikia ziwa, inafaa kusema neno juu ya maneno yenyewe.

Wasukuma wana neno lao la mtabibu: *nfumu*, na wengi ni *bafumu*. Mtu huyu hakuwa mtoa dawa tu. Vyama viwili vikuu vya ngoma vya Usukuma, Bagika na Bagalu, hunasibishwa na waganga wawili mahasimu wa karne ya kumi na tisa, Ngika na Gumha. Na hadi leo, ngoma zinaposhindana baada ya mavuno, ni ushindani wa waganga wale unaoendelezwa. Kwa hiyo wazo la kwamba mtabibu ni kiongozi wa watu halikuletwa Mwanza na meli ya mtu yeyote. Lilikuwapo. Kilichokuja na ukoloni ni mgawanyo mpya wa majina. "Daktari" akawa Mzungu. "Mganga" akabaki na mizizi yake, ingawa serikali nayo ililiazima neno hilo kwa vyeo vyake, na mpaka sasa tunaye Mganga Mkuu wa Mkoa ambaye hapigi ramli. Katikati ya hao wawili likazuka neno la tatu, lisilo la Kibantu wala la Kiarabu: "dresa".

Robert Koch, bingwa wa Kijerumani aliyekuwa amepewa Nishani ya Nobel mwaka mmoja nyuma, alipofika Mwanza mwaka 1906 kuchunguza malale, kisha akavuka kwenda visiwa vya Sese, alikuwa daktari kwa maana kamili ya zama zile: mwenye amri, mwenye dawa, na mwenye haki ya kuijaribu dawa hiyo. Dawa yenyewe iliitwa atoksili, na baadhi ya waliotibiwa nayo walipoteza macho. Watu wa visiwa vile walibeba machela, walichemsha maji, waliwatuliza wagonjwa kwa lugha wanayoielewa. Hawa hawakuwa na jina la kazi.

Jina lilikuja chini ya Waingereza. Mwaka 1926 John Shircore, mkuu wa idara ya tiba, alianzisha utaratibu wa dresa wa kikabila. Kijana alichaguliwa kwao, akafundishwa kwa muda mfupi katika hospitali ya serikali kufunga vidonda na kutoa dawa za kawaida, kisha akarudishwa kijijini kwake. Mshahara wake haukutoka serikali kuu. Ulitoka katika hazina ya utawala wa wenyeji, yaani katika kodi iliyolipwa na wale wale aliowatibu. Usukuma, nchi ya watawala wengi na vijiji vilivyotawanyika, ilihitaji watu wa namna hii. Ni vigumu kukuta utaratibu uliokuwa rahisi zaidi kwa serikali, na ni vigumu pia kukuta uliowafikia watu wengi kwa haraka zaidi. Mambo hayo mawili yote ni kweli, na historia ya afya ya kanda ile haisomeki mtu akichagua moja tu.

Juu ya dresa alikaa msaidizi wa hospitali. Juu yake, tabibu kutoka Bara Hindi mwenye cheo cha daktari mpasuaji msaidizi mdogo, ambaye aghalabu ndiye aliyeendesha hospitali halisi. Na juu ya wote Mzungu, aliyeitwa Bwana Daktari. Mhindi huyo husahauliwa upesi. Alikuwa na elimu iliyopungua kidogo na mshahara uliopungua sana, naye hakuweza kupanda. Ngazi ilikuwa na vipandio vinne, lakini haikupandwa. Kila mtu alizaliwa juu ya kipandio chake.

Kulikuwa na njia ya kando, ya misheni. Katika ziwa jingine, Tanganyika, huko Karema, alitabibu tangu 1889 hadi kufa kwake mwaka 1956 mtu mweusi aliyeitwa Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na mto Niger, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadre Weupe na kupelekwa Malta kusomea udaktari. Zaidi ya miaka sitini alipasua, alizalisha na kuchanja, akiwa na cheo cha daktari-katekista. Zilipokuwa ripoti za serikali zikijadili kama Mwafrika anaweza kuwa daktari, Atiman alikuwa kazini tayari, na pengine ana foleni ya wagonjwa mlangoni.

Sasa ziwa. Chuo cha Makerere kilifunguliwa mwaka 1922, na mafunzo ya utabibu yakaanza katika hospitali ya Mulago miaka ya mwanzo ya chuo hicho. Kijana wa Lindi au Tanga aliyeitamani Kampala alikuwa na safari ya nusu ya Afrika Mashariki. Kijana wa Bukoba alipanda meli. Meli za ziwa zilizunguka Kisumu, Mwanza, Bukoba na bandari za Uganda, zikibeba kahawa, pamba, mbuzi na wanafunzi. Kuongezea hayo, Buhaya ilikuwa na shule za misheni na fedha ya kahawa, na lugha yake ina undugu na lugha za ng'ambo ya pili. Si ajabu basi kwamba miongoni mwa madaktari wa kwanza wa Tanganyika waliohitimu Makerere mlikuwa na watu wa Bukoba, kama Joseph Mutahangarwa na Vedasto Kyaruzi.

Walirudi na elimu, wakapewa cheo chenye neno "msaidizi" ndani yake. Stashahada ya Makerere haikutambuliwa na Baraza Kuu la Waganga la Uingereza mpaka mwaka 1957, na kutotambuliwa huko kukawa jibu la kila lalamiko: huwezi kulipwa kama daktari kwa sababu si daktari, si daktari kwa sababu chuo chako hakikusajiliwa, na waliokiunda chuo hicho ni sisi. Mduara huo haukuwa na mlango. Mtu aliyesoma miaka mingi alimwandikia mgonjwa dawa, kisha akamngoja kijana aliyewasili juzi kutoka Uingereza aje atie saini.

Haishangazi basi kwamba madaktari hawa walikuwa miongoni mwa wa kwanza kugeukia siasa. Kyaruzi alifanya kazi katika hospitali ya Sewa Haji, Dar es Salaam, na mwaka 1950 akawa rais wa Chama cha Waafrika wa Tanganyika, TAA, Abdulwahid Sykes akiwa katibu wake. Mwaka huohuo chama kilipeleka kwa serikali waraka wa madai ya katiba. Kyaruzi akahamishwa hospitali ya gereza la Kingolwira, karibu na Morogoro, na baadaye Nzega, mbali kabisa na vikao vya Dar es Salaam. Uhamisho ni silaha isiyo na sauti. Hakuna kesi, hakuna kifungo. Kuna barua tu, na treni. Miaka mitatu baadaye kiti kile cha urais wa TAA alikikalia mwalimu mmoja, Julius Nyerere, naye alikuwa mtoto wa pwani ileile ya ziwa, upande wa Musoma, na mhitimu wa Makerere ileile. Kyaruzi alikuja kuiwakilisha nchi yake Umoja wa Mataifa baada ya uhuru.

Tume nyingine, ya Lidbury, ilifuta ngazi za rangi mwaka 1954, walau kwa jina, ikawawekea waliotoka Ulaya posho maalumu. Uhuru ulipofika Desemba 1961, Tanganyika yenye watu karibu milioni tisa ilikuwa, kwa hesabu aliyopenda kuirudia Nyerere mwenyewe, na madaktari wananchi 12.

Hapo ndipo swali la haki lilipogeuka na kuwa gumu kuliko lilivyokuwa. Maadamu ngazi ilijengwa kwa rangi, wengi waliona dawa yake ni kuipindua kwa rangi. Oktoba 1961, katika mjadala wa sheria ya uraia, wabunge kadhaa wa TANU walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Nyerere alitishia kwamba serikali yake ingejiuzulu. Mwaka 1962, chini ya Rashidi Kawawa, kazi ya kuwaweka Waafrika katika vyeo ilikazwa kweli kweli, na ilistahili kukazwa. Kisha tarehe 7 Januari 1964 Nyerere akatangaza kwamba kuanzia hapo kipimo ni uraia, si ngozi. Siku tano baadaye Zanzibar ilipinduka, na wiki moja zaidi askari wa Colito wakaasi, mojawapo ya madai yao likiwa kuondolewa maofisa Waingereza. Wasomaji wa visiwani hawahitaji kukumbushwa ni madaktari wangapi waliondoka Unguja na Pemba baada ya Januari ile, wala kwamba kabla mwaka haujaisha walikwishawasili matabibu wa Kichina.

Uamuzi wa bara ulikuwa na matunda ya ajabu kidogo. Nchi iliyokombolewa kutoka kwa Waingereza ilikuwa na Derek Bryceson katika uwaziri wa afya wakati wa uhuru, na kuanzia 1975 hadi 1980 wizara hiyohiyo iliongozwa na Leader Stirling, mpasuaji wa Kiingereza aliyekuja Masasi miaka ya thelathini na kuchukua uraia. Wako waliouona huo ni ukomavu, na wako walionung'unika. Manung'uniko yao hayakuwa ya chuki tupu: watu waliolipwa sehemu tatu walikuwa bado hai, na walikuwa wanangoja zamu.

Dawa ya kudumu ilikuwa kufundisha watu. Shule ya udaktari ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963. Mwanza ilingoja. Juu ya kilima cha Bugando maaskofu Wakatoliki, kwa msaada wa Wajerumani, walijenga hospitali kubwa iliyofunguliwa mwaka 1971. Serikali ikaichukua, ikairudisha kwa Kanisa mwaka 1985. Kwa miaka mingi mabingwa wake wengi walitoka ng'ambo. Mwaka 2003 palianza pale chuo cha udaktari, na kijana wa Sengerema au Ukerewe akaweza kuwa daktari bila kuvuka maji yasiyo ya kwao.

Na dresa? Jina lilibadilika mara kadhaa, kazi ikabaki. Kati ya 1991 na 1994 ulifanyika mkoani Mwanza utafiti ambao wanasayansi wa dunia nzima wanaujua. Jamii 12 ziligawanywa. Katika sita kati yake, wafanyakazi wa vituo vya afya na zahanati za kawaida walifundishwa kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili, wakapewa dawa za uhakika. Katika miaka miwili maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI yalikuwa asilimia 1.2 katika jamii hizo, dhidi ya 1.9 katika zile nyingine. Matokeo yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 1995. Jina la kwanza juu ya makala ni la Heiner Grosskurth, Mjerumani. La pili ni la Frank Mosha, Mtanzania. Hapo ni mbali sana na Koch na wabeba machela wake. Waliowasikiliza wagonjwa na kuwapa dawa, siku baada ya siku, walikuwa watu wa kipandio cha chini kabisa, wajukuu wa dresa wa Shircore. Vijijini kwao, mtu akiugua usiku, hutumwa mtoto na taa aende akamgongee mlango mmoja wao. Mtoto hasemi msaidizi, wala mganga. Husema amekuja kumwita daktari.